Alama Kwenye Matofali

Jumamosi hiyo ghala la kuuzia milango na mbao za nyumba zilizobomolewa, pale Charleston, kusini mwa Marekani, lilifurika watu. Odessa, msanifu majengo, gauni lake la manjano limemkaa kweli kweli, alishika mlango wa zamani. Upande wa pili ukashikwa na mwanamume mrefu.

"Kaka, achia. Nimeuona kwanza."

"Umeuona wewe, nimeushika mimi. Tufanyeje, mrembo?"

"Ninunulie chai ya barafu, nitafikiria."

Mwanamume huyo, Lionel, alikuwa daktari wa meno, mgeni kutoka Detroit. Alitaka nyumba mpya iliyofanana na za kale: baraza refu la ubavuni, dari yake ya buluu, madirisha ya kufika sakafuni. Odessa alimchorea, na mapenzi yakanoga.

"Kabati hili la viatu vya nani?" Lionel aliuliza, ramani iko mezani.

"Vya mwenye nyumba."

"Viatu vyangu havijazi hata rafu moja, mpenzi."

"Basi tafuta wa kukusaidia kulijaza."

Lionel akanunua matofali ya zamani, shehena nzima, amfurahishe. Odessa alikwenda kuyaona peke yake mchana, kwenye kiwanja cha kujengea nyumba. Akapitisha kiganja juu ya moja, na vidole vikatumbukia kwenye vishimo. Vilikuwa alama za vidole, vidogo kuliko vyake. Vya mtoto. Hapo mjini kila mtu anajua ni watoto wa watumwa waliobeba matofali mabichi, enzi za utumwa. Akashika tumbo lake, ambalo Lionel alikuwa bado hajui habari zake, akakimbilia garini.

Simu za Lionel zikaita bila kupokelewa. Wivu ukamtafuna. Siku Odessa alipopokea, alinong'ona tu, na Lionel akazidi kushuku.

"Dessa, sema tu. Una mtu mwingine?"

"Sina mtu. Kuna watoto."

"Watoto gani?"

"Njoo kiwanjani."

Alipofika, Odessa alimshika mkono, akaupeleka kwenye alama. Kidole gumba cha Lionel hakikuingia.

"Nitayarudisha," alisema.

"Ili wengine wakayatandaze bustanini, yakanyagwe?"

"Basi unataka nini, mama?"

"Sijui! Naogopa, Lionel. Mwanetu atalala katikati ya kuta hizi."

"Mwanetu?"

Lionel akaketi juu ya matofali. Mara akaruka akasimama, akayafuta vumbi kwa kiganja, kama anayeomba radhi.

Odessa aliona hofu ile ile machoni mwake, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akavuta pumzi.

"Tuyajenge sebuleni," alisema. "Alama zitazame ndani, bila plasta. Mtoto akiuliza, tumwambie ukweli. Sasa utanioa, au na wewe unakimbia?"

Lionel alimkumbatia.

"Nakuoa. Lakini usiku, taa ya sebuleni, Dessa, tusiizime."

"Hatuizimi," alisema Odessa.