Sharubati ya Nermin

Kaa hapa karibu nikutegee kitendawili. Kitu gani hakina miguu, hakipandi lifti, lakini hufika ghorofa ya sita kabla yako? Usiangalie dari, jibu halipo huko. Umeshindwa? Ni habari njema! Basi sikiliza ilivyopanda ngazi siku moja kule Mansoura, mpaka ikamletea mtu taabu.

Ilikuwa Jumatatu, likizo imeanza. Shorouk, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa roshani pamoja na bibi yake, wakichambua majani ya mlenda kwa chakula cha siku hiyo. Alikuwa ameshateremsha kikapu kwa kamba hadi chini, na bawabu alikuwa akikijaza mikate ya moto. Ndani, simu ya dada yake Nermin ililia. Nermin alikuwa anaoga.

Nermin alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi wa mitambo. Kwetu, ukiingia tu chuo cha uhandisi, hata muuza maharage anakuita Mhandisi, na Nermin alikuwa ameshazoea. Kiangazi hicho ilimbidi apate mahali pa kujifunza kazi. Alikuwa ameomba sehemu mbili, akingoja kwa wiki tatu.

Shorouk aliichukua simu akasoma. Kampuni kubwa ya Kairo! Hakungoja dada yake atoke bafuni.

"Mama! Nermin amekubaliwa Kairo!"

Mama yao, Bi Ibtisam, aliacha sufuria jikoni akapiga vigelegele vilivyotetemesha madirisha. Kabla mlenda haujaisha kuchambuliwa, alikuwa ameshakoroga sharubati nyekundu ya waridi. Kwetu, sharubati ikigawiwa, jambo limekwisha. Hata harusi hutangazwa hivyo hivyo.

"Shorouk, beba sinia! Anzia juu, ushuke mlango kwa mlango."

Shorouk alipanda mpaka juu, akaanza kushuka akigawa, simu ya dada yake ikiwa mfukoni mwake. Alipofika ghorofa ya tatu ikatetemeka. Ujumbe mwingine! Ulitoka karakana ya pampu za maji, Talkha, ng'ambo ya mto: *Nafasi ipo. Tupe jibu kesho kabla ya adhuhuri.*

Akasimama ngazini. Alijua dada yake alikwenda Talkha mara tatu kuiomba nafasi ile. Lakini bilauri kumi na nne zilikuwa zimekwisha nyweka. Akairudisha simu mfukoni, akaendelea kugawa.

Jioni Nermin alikuwa amekaa akipokea pongezi, hata simu yake hajapata nafasi ya kuiuliza, anatabasamu kama mtu aliyevaa viatu vinavyombana. Shorouk hakuweza kula. Bibi alimtazama.

"We mtoto, mlenda unaupenda kama paka apendavyo samaki. Leo una nini?"

Machozi yakamtoka. "Bibi, nimeficha kitu." Akatoa simu, akamwonyesha dada yake ujumbe wa pili. "Nisamehe, dada. Niliogopa Mama atakasirika."

Nermin aliusoma mara mbili. Hakumgombeza. Akampa mama yao simu.

"Talkha?" Bi Ibtisam alishika kiuno. "Kwenye grisi na wanaume wanaopiga nyundo? Na sharubati imeshanyweka! Nitawaambia nini watu, niwaombe waitapike?"

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamshuka. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Nermin, wewe mwenyewe unataka wapi?"

"Mama ameshawaambia watu, Bibi."

"Sikuuliza watu."

"Talkha nimefika, Bibi," Nermin akasema. "Kairo siijui."

Bibi akasema, "Haya. Hata tikiti maji hatununui bila kuligonga. Nani amewahi kufanya kazi Kairo pale?"

Kulikuwa na Yomna, wa mwaka wa nne chuoni kwa Nermin, aliyejifunza kazi pale. Wakampigia, wakaweka spika. Shorouk, aliyetaka sana kurekebisha kosa lake, ndiye aliyeuliza. "Dada Yomna, kuanzia asubuhi mpaka mchana ulikuwa unafanya nini?"

"Niseme kweli? Nilikaa! Baridi tamu, chai tele, mafaili ya kupanga. Mashine niliiona mara moja, kwenye kalenda ya ukutani." Wote wakacheka. "Lakini cheti chao, jamani! Kina muhuri wa dhahabu."

"Si ndicho hicho!" akadakia Bi Ibtisam.

"Sasa tukagonge na tikiti la pili," akasema Bibi.

Asubuhi Nermin na Shorouk wakavuka daraja kwenda Talkha. Karakana ilinuka mafuta, na joto lake lilikuwa la tanuri. Mhandisi Safwat, mzee mwenye nyusi nene, hakuwakaribisha hata kwa chai. Alionyesha pampu iliyofunguliwa juu ya meza.

"Mwenye pampu hii ana shamba la mpunga linakauka. Injini inazunguka vizuri, maji hayapandi. Kwa nini?"

Nermin alikunja mikono ya gauni. Aligeuza hiki, akapapasa kile, akaomba taa. Shorouk alihesabu dakika ishirini. Ghafla dada yake akapiga kelele, "Huu hapa! Mpira wa kwenye kiungo cha bomba umepasuka. Inavuta hewa badala ya maji!"

"Nani alikufundisha?"

"Kitabu. Lakini sijawahi kuugusa mpaka leo!" Alikuwa anacheka peke yake, grisi puani.

"Wenzako wawili wanaingoja nafasi hii," akasema mzee. "Unakuja?"

Nermin akakumbuka sharubati ya mama yake. "Nitakujibu kabla ya adhuhuri."

Waliporudi, saa tano na nusu, mlango ulikuwa wazi na jirani wa ghorofa ya pili yuko sebuleni, anauliza Mhandisi anasafiri lini. Bi Ibtisam alimvuta Nermin jikoni, Bibi na Shorouk nyuma yao.

"Tukibadilisha, tutasema Kairo wamefunga," akanong'ona. "Uongo mdogo tu."

"Hapana, Ibtisam," Bibi akasema. "Uongo huo utaulisha kila siku, na Nermin ndiye atakayeubeba ngazini. Sharubati ni ya kumfurahia mtu, si ya kumfunga. Nawe Shorouk, umesikia? Habari ya mtu mwachie mwenyewe aitoe. Ukikosea, sema mapema kama ulivyosema jana, maana ungenyamaza mpaka leo mchana, tusingekuwa na la kuchagua. Na cheti ni karatasi, wanangu. Kazi hukaa mikononi."

Bi Ibtisam alimtazama binti yake: mikono myeusi, pua nyeusi, macho yanang'aa. Akachukua pindo la ushungi wake, akaanza kumfuta grisi, na katikati ya kufuta kicheko kikamtoka. Akatoka hadi mlango wa jikoni, akamwambia jirani kwa sauti kubwa, "Mama Hossam, jana nilitangulia! Mwanangu hakuwa amechagua bado. Ngoja umsikie mwenyewe."

Akamgeukia Nermin. "Haya, Mhandisi. Si mimi, si majirani. Wewe mwenyewe unataka wapi?"

"Talkha, Mama," Nermin akasema. "Nataka Talkha."