Sahani ya Tatu

Tahani aliagiza chakula cha watu wawili, mhudumu akaleta sahani tatu. Aliona ni makosa ya kawaida tu, akairudisha moja. Alikuwa na jambo kubwa zaidi rohoni: bibi yake, Bi Ghaniya, hakuwa amekula kitu cha maana kwa siku tisa. Madaktari wa Nizwa, mji wanaoishi huko Oman, hawakuona ugonjwa. Bibi mwenyewe alisema akipata samaki aliyevuliwa leo, kama wa kwao Unguja, labda atammeza. Basi Tahani akaomba ruhusa kazini, akampakia bibi garini, akaendesha mpaka Sur, mji wa pwani, kumtafutia.

Nguru alikuja amechomwa vizuri, ananukia ndimu. Tahani akaenda kunawa. Aliporudi, upande wa bibi ilikuwa imebaki miiba mitupu.

"Mashallah, bibi, samaki yako imeisha," alisema, kwa Kiswahili chake cha kuzaliwa Oman.

"Sijatia hata tonge mdomoni, mwanangu."

Vidole vya bibi vilikuwa vikavu.

Mkahawa wa pili, karibu na soko la samaki, zikaja tena sahani tatu. Safari hii Tahani hakuiondolea meza macho, na akaona nyama ya samaki inapungua kipande kwa kipande, taratibu, kama anavyokula mtu mzima mwenye adabu zake, huku harufu ya nguo zilizovundia kabatini ikitoka kwenye kiti kitupu, na bibi akizidi kulegea mpaka kidevu kikamgusa kifua. Tahani aliogopa hasa. Alimshika mkono, akamtoa nje.

Mkahawa wa tatu ulikuwa wa Khalaf, mtu wa makamo ambaye mama yake alizaliwa Pemba. Aliwatazama wanavyoingia, akasita. Bibi alipokwisha kuketishwa na kusinzia, alimvuta Tahani kando.

"Mmekuja watatu," alinong'ona. "Huyo mwanamke mwengine nani alomkaribisha?"

"Hamna mtu, wallahi. Sisi wawili, bas."

"Fikiri. Mtu alopiga hodi, msimuone."

Tahani alikumbuka. Siku tisa nyuma, mchana, kule Nizwa, walikuwa wanakula. Sauti ya kike ikapiga hodi mlangoni, naye akajibu "Karibu, tunakula" bila kuinuka, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Hakuingia mtu. Majirani wa mtaa ule hubonyeza kengele. Hakuna hata mmoja anayelijua neno hodi.

"Kaingia kwa kukaribishwa, atatoka kwa kuaga," Khalaf alisema. "Mie n'tamlisha ashibe. Akiaga, kimya. Akijibiwa tu, harudi alikotoka, na bibi yako hatostahamili tena."

Tahani alimtazama bibi aliyelala, akamwonea huruma, hakumwamsha kumwonya.

Khalaf alileta sinia zima la wali na samaki, akasimama akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, na wali ukawa unashuka, samaki wanageuzwa upande wa pili na mkono usioonekana, miiba inapangwa pembeni ya sinia mmoja mmoja, na ile harufu ya kuvunda ikawajaa puani.

"Alhamdulillahi, nimeshiba," ilisema sauti kutoka kitini. "Kwaherini."

Khalaf aliendelea kusoma.

"Kwaherini, wanangu. Hata kunijibu?"

Katikati ya hofu ile Tahani aliona haya, haya ya mtoto anayemkosea adabu mkubwa, lakini akabana meno. Kiti kikasogea. Harufu ikaanza kuelekea mlangoni. Bi Ghaniya akafumbua macho, akakata kipande cha samaki kilichobaki, akatafuna, akameza. Tahani machozi yalimtoka kwa furaha.

Kule mlangoni sauti iliaga mara ya tatu, kwa upole. "Kwaheri, dada."

Tahani alichelewa kumziba bibi mdomo. Bi Ghaniya, mtu wa malezi ya Unguja, hakuwahi maishani mwake kumwacha mgeni aage bila jibu.

"Haya, mwenzangu," alisema, samaki bado mdomoni. "Karibu tena."

Walipofika Bidiya, njiani kurudi Nizwa, bibi alikuwa amelegea kwenye kiti cha mbele, haamki akiitwa. Tahani alisimamisha gari nje ya duka la chai, akaonyesha vidole viwili. Mhudumu alileta vikombe vitatu. Viwili akampa yeye, kisha akazunguka na cha tatu, akagonga kioo cha mlango wa nyuma.