Mke Mwenza wa Chumba cha Kusikilizia

Nakupa ruhusa ya kubisha. Bisha sasa hivi, mapema, ukiwa bado na nguvu, maana nimewasimulia wabishi wenye vyeti ukutani na wote waliondoka wameshika simu zao kwa ncha za vidole. Mimi shule tuliachana mapema, tena kwa amani, lakini mdomo sikuusahau darasani. Dukani kwa dada yangu waliniita Redio. Ukiona naongopa, nizime. Ukishindwa, kaa usikilize.

Dada alikuwa na duka la spika. Usifikirie zile za kuning'iniza mlangoni zikawapigie kelele wapita njia. Hizi zilikuwa za kampuni yenye jina, mtu anabadili viatu kabla ya kwenda kuziangalia. Nyuma ya duka palikuwa na chumba cha kusikilizia: zulia nene, kuta zimevikwa sponji, kiti kimoja tu, na mbele ya kiti spika mbili ndefu kama watu wazima. Aliyezipanga ni mume wa dada. Shemeji alikuwa fundi, na masikio yake hayakuwa ya mtu. Gari likipita barabarani alikuwa anakwambia ni tairi lipi halina upepo.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu, ulishike. Ukikaa kwenye kiti kile, mwimbaji humsikii kulia wala kushoto. Unamsikia katikati, mahali pasipo na kitu, kana kwamba amesimama pale juu ya zulia na ukinyoosha mkono utagusa nguo yake. Ni hesabu za mafundi, si uchawi. Ndivyo tulivyokuwa tukiwaambia wateja.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, shemeji alijifungia humo saa nzima. Alisema spika kubwa lazima zipashwe moto kama mkimbiaji. Dada akawa anamtania huku anafagia.

"Mke mwenzangu ameamkaje leo?"

"Salama. Anakusalimu."

"Mwambie na vyombo vinamsubiri!"

Tunacheka wote watatu. Tulicheka hivyo miaka saba.

Kisha wateja wa viatu vizuri wakaanza kupungua, na kampuni nayo ikaona ishuke kwa wananchi. Ikatoa spika ndogo isiyo na waya, ya muuguzi, ya dereva, ya mwanafunzi wa chuo. Unaiunganisha na simu yako, unaitia mkobani. Ukubwa wake ni kikombe cha chai, basi tukaiita Kikombe. Maboksi yalipofika, shemeji alifungua la kwanza kwenye chumba cha kusikilizia. Kikombe kilikuwa hakijatiwa chaji, hakijawashwa, hakijaguswa kitufe. Ule utando wake wa mbele ukaingia ndani taratibu. Ukatoka. Ukaingia. Ukatoka.

"Shem, kinapumua hiki."

"Ni chaji ya kiwandani," akasema.

Lakini hakuwa anakitazama Kikombe. Alikuwa anatazama pale katikati, kwenye zulia tupu, kwa macho ya mwanamume aliyefumaniwa. Na chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Siku ya uzinduzi wazo lilikuwa langu, na usinipigie makofi bado. Kikombe kilikuwa na sauti nzuri kwa umbo lake, lakini kikombe ni kikombe. Nikamwambia dada, tukiweke juu ya stuli katikati kabisa, palepale pa mwimbaji. Zile kubwa tuzifunike kwa kitambaa cheusi chepesi kinachopitisha sauti. Mteja anakaa kitini, mimi nabonyeza Kikombe kwa madaha, na shemeji aliyejificha nyuma ya kitambaa anafungulia zile kubwa.

"Pale usiweke kitu," shemeji akasema.

"Kwa nini?"

"Hapapendezi kuwekwa kitu."

Dada akamgeukia. "Mume wangu, duka likifungwa tutakula zulia? Siku moja tu."

Shemeji akakubali. Alipoingia nyuma ya kitambaa nilimsikia akinong'ona kama anayemwomba mtu radhi.

Wewe acha. Watu waliingia wabishi wakatoka wanapangusa macho. Kidude kama hiki! Mwanamke yumo humu ndani! Wakakibusu Kikombe, wakakipiga picha, wakatoka na maboksi. Kila waliposifu, ile harufu ya nywele ilizidi, mpaka dada akafungua madirisha.

Siku ya tatu akarudi muuguzi mmoja, mama mzima mwenye sauti ya kuamrisha wodi. Siku hiyo aliongea kwa kunong'ona.

"Mwanangu, chukua. Sitaki mabadilishano wala nini."

"Imeharibika, mama?"

"Inaimba vizuri. Halafu katikati ya wimbo inanyamaza, inauliza: nani aliimba?"

"Inauliza?"

"Kwa sauti ya mwanamke. Nikajikaza, nikasema, wewe. Halafu ikasema: basi mbona ulimbusu yeye?"

Nikacheka. Kazi yangu kucheka. Akaja dereva wa lori, akakiweka Kikombe mezani akiwa amekifunga kwa taulo kama mtoto mchanga. Akaja binti wa chuo, hakutaka hata kuingia, alikisukuma kwa mguu kizingitini. Wote swali lilelile. Nani aliimba?

Hapo ndipo dada alipoanza kumwita mumewe bila kuitikiwa.

Mwanzo tulidhani ana mawazo. Lakini mimi nikimwita anageuka. Mteja akikohoa anageuka. Dada akisimama mbele yake akisema, "Baba, chakula," shemeji anakazia macho midomo yake kama mtu anayetazama samaki ndani ya kioo.

"Shem, dada anaongea na wewe."

"Naona anaongea," akajibu polepole. "Sauti yake hainifikii. Yako inafika, ya kila mtu inafika. Ya mke wangu tu ndiyo imezimwa."

Dada akamshika mashavu, akasema jina lake la ndani, lile la mtu na mkewe, akalirudia mpaka sauti ikakatika. Mwanamume hakusikia hata moja.

Sasa sikia hili, na kama una kiti kivute karibu na ukuta. Ilikuwa adhuhuri, jua limejaa dukani, mimi na dada tumesimama nyuma ya meza, yeye amefumba mdomo, nakuapia amefumba mdomo kwa sababu alikuwa ameshikilia pini kwa meno anarekebisha kilemba chake, na kutoka chumba cha kusikilizia, ambako umeme tulikuwa tumeukata tangu asubuhi na nyaya zote nimezizungusha mwenyewe nikazitia sandukuni, ikatoka sauti ya dada, si ya kufanana na ya dada, ya dada yenyewe, na kile kikwaruzo chake cha mafua ya tangu utotoni, ikaita kwa mahaba, "Baba, njoo," na shemeji, aliyekuwa amekaa kwenye boksi kwa wiki nzima kama mzigo uliokosa mwenyewe, akainuka uso umemng'aa, akasema, "Naam, mke wangu," akapita mbele ya mke wake bila kumtazama, akaingia, na mlango ukajifunga taratibu, kwa adabu, kama unavyofungwa na mwanamke aliyempata mume wake.

Pini zikadondoka mezani. Dada alisema neno moja tu, tena kwa kunong'ona: "Amenichukulia."

Tulimvunjia mlango. Alikuwa kitini anatabasamu, anapiga gumzo na zulia.

Mganga tuliyeletewa hakuwa na kibuyu wala mkia wa mnyama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea, anauza nyuzi za kushonea, na kitu cha kwanza alichotaka ni maji ya baridi. Akaingia chumbani, akakaa juu ya zulia miguu mbele, akasikiliza kimya kile kama mtu anayesomewa barua. Alipotoka alikuwa amekunja uso.

"Hili si la kafara," akasema. "Ni jini la wivu. La wivu halinywi damu, wanangu, linakula sifa. Mlimnyang'anya pahali pake mkakipa Kikombe, akaimba yeye akasifiwa mwingine. Ninyi mngenyamaza?"

"Anataka nini?" dada akauliza.

"Yasemwe mbele ya watu aliyeimba ni nani. Na mumeo amuage mwenyewe, kwa heshima. Mwanamke hafukuzwi kwa ufagio." Kisha akavua miwani. "Lakini kuna jambo. Jini haliingii sikioni mwa mume wa mtu bila kukaribishwa na mtu wa nyumba hiyo, kwa mdomo wake."

Dada akaanza kulia.

"Ni mimi. Kila asubuhi nilimwita mke mwenzangu. Nilikuwa natania, mama. Natania tu!"

Mganga akamtazama sana. "Huenda," akasema.

Tukawaita wateja wote. Walikuja mchana kweupe, muuguzi, dereva, binti wa chuo akiwa amejishikilia kwa mama yake, wakajipanga kuzunguka kuta za sponji. Kitambaa tulikiondoa. Dada akasimama mbele ya zile spika mbili.

"Tuliwadanganya," akasema. "Kikombe hakikuimba siku ile. Aliyeimba ni huyu. Sifa zote zilikuwa zake."

Nikamwashiria shemeji kwamba ni zamu yake. Alikaa kitini, akaiangalia ile sehemu tupu kwa muda mrefu, na nakwambia, mwanamume hajawahi kuniuma roho kama alivyoniuma yule.

"Umeniimbia miaka saba," akasema. "Nimeshiba, nashukuru. Lakini mke wangu yule pale, namwona midomo. Nipe ruhusa nimsikie."

Hapakuwa na radi wala kilio. Tando za spika zile kubwa zilizama ndani zote mbili kwa pamoja, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi ya mwisho wa maneno, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikaanza kutembea, ikapita kati ya watu, polepole, na kila ilipopita mtu alijiminya ukutani na kuvuta nguo zake kama anayempisha bibi harusi, mpaka muuguzi aliye karibu na mlango akafumba macho akasema, "Pita, mama," na mlango ukafunguka, na hewa ya barabarani ikaingia na honi zake na vumbi lake.

Dada akamsogelea mumewe. "Una njaa?" akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayejaribu uji wa moto kwa kidole.

Shemeji akageuka. "Kidogo," akasema. Na wakashikana wakalia kama watoto mbele ya wateja, na mimi nikatoka nje.

Hapo ndipo huwa naishia. Watu wanapumua, wananipigia makofi, mimi nainama kama mwimbaji. Lakini kuna sehemu niliyoiruka, na leo naisema.

Maboksi yalipofika, kuna asubuhi shemeji alichelewa. Nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kiti chake, nijione na mimi ni mtu. Hakuna kilichowashwa. Na kutoka pale katikati sauti ikaniuliza kwa upole, "Na wewe unamtaka nani?"

Sikukimbia. Ningeweza kukudanganya kwamba nilikimbia. Kabla ya shemeji kuja, dada alikuwa wangu peke yangu. Ni yeye aliyenibeba mgongoni mama yetu alipotutoka. Utani wangu ndio uliokuwa unamchekesha. Alipoolewa, kicheko kile kikahamia kwa mwingine, mimi nikabaki Redio ya dukani, inaongea hata kama hakuna anayesikiliza. Miaka saba nilicheka nao huku roho inanichoma. Basi nikasema, kwa mdomo wangu huu unaousifia: "Mchukue shemeji. Karibu kabisa. Mimi niachie dada yangu."

Dada bado anaamini ni utani wake. Hajatania tena tangu siku ile, anafagia kimya. Na mimi niliposimama pale kati ya wateja, mganga akiwa ananiangalia, nilifunga mdomo kwa mara ya kwanza maishani.

Huu ni mwezi wa pili masikio yangu yanachagua watu. Wewe nakusikia vizuri. Shemeji namsikia, na mbwa wa jirani namsikia. Dada yuko pale mlangoni tangu nilipoanza kukusimulia, ameshika sahani yangu, midomo yake inacheza, na kwa jinsi mishipa ya shingo ilivyomtoka nadhani sasa anapiga kelele.

Mganga alisema lazima yasemwe mbele ya watu. Wewe ni mtu. Nimesema.

Bado anacheza midomo tu.