Gemu Ndani ya Thingira

Wazazi wa milimani, vuteni viti. Na nyinyi vijana mnaosimama mlangoni mkijifanya hamsikii, ingieni pia, maana kisa hiki kinawahusu kuliko mnavyodhani.

Nyumbani kwa Gatimu, kwenye mteremko wa majani chai juu ya mji wa Othaya, Jumamosi jioni ilikuwa jioni ya filamu. Gatimu alivua gambuti akanyoosha miguu. Mkewe Watiri alileta sufuria ya githeri na vijiko vinne. Shiku, binti wa miaka kumi na miwili, aliketi sakafuni akiegemea magoti ya kaka yake Kinyua, ambaye mwaka huo alikuwa akimaliza gredi ya tisa. Walitazama, wakacheka, wakabishana kuhusu nani mwongo katika filamu na nani mjinga tu. Watiri aliipenda jioni hiyo kuliko siku nyingine zote za wiki, kwa sababu ndiyo pekee mumewe alipokuwa nyumbani mwili na akili.

Basi deki ya kuonyeshea filamu ikafa. Ilitoa moshi kidogo, ikanyamaza, na fundi akasema izikwe.

"Hizi deki zimepitwa na wakati," Gatimu akatangaza. "Tutanunua mashine ya gemu. Gemu mtacheza, filamu tutaona, kila mtu afurahi."

Shiku alirukaruka mpaka sufuria ikatikisika. Wiki iliyofuata Gatimu na Watiri wakateremka Nyeri, kwenye duka la vifaa vya umeme la mama mmoja Mhindi aitwaye Kamla. Kamla alizaliwa na kukulia mjini humo, na Kiswahili chake kilikuwa cha humo humo. Akaweka mashine mbili juu ya kaunta.

"Hii nyeupe iko na padi nne za kuchezea," akasema. "Filamu inaonyesha poa. Gemu yake ni ya mpira, magari, kudensi. Na mzazi anaweka namba ya siri, mtoto hawezi fungua gemu ya watu wakubwa. Hii nyeusi iko na nguvu zaidi, picha safi, lakini inakuja na gemu ya vita. Damu mingi sana. Yash, kijana wangu, aliitaka, nikamnyima. Sasa, nani atacheza, na mtaiweka wapi?"

"Hiyo ya padi nne," Watiri akasema. "Tuko wanne, na itakaa sebuleni."

Gatimu akacheka kama mtu aliyetaniwa. "Hiyo ni ya watoto. Kinyua anatahiriwa Desemba. Nitanunulia mwanaume gemu ya kudensi?"

"Lakini Mzee, si umesema ni ya familia?"

"Familia ni mimi," Gatimu akajibu, akagonga ile nyeusi kwa kidole.

Watiri alikuwa na maneno, lakini mwanamke hambishi mumewe mbele ya mwenye duka, ndivyo alivyolelewa. Na sisi wote tunamjua Gatimu huyu. Yuko katika kila kijiji, anadhani kumchagulia mtu kitu ni sawa na kumpenda.

Desemba ikafika. Kinyua akatahiriwa zahanatini, akaletwa nyumbani akitembea kwa kutanua miguu, huku wajomba wakiimba. Kwetu, mvulana akishatahiriwa halali tena chini ya paa la mama yake. Hujengewa thingira, chumba chake cha mbao, na mama havuki kizingiti hicho, wala dada. Chakula hupelekwa na mutiri, yaani kijana mkubwa anayemsimamia mpaka apone. Wanaume wa ukoo ndio huingia kukaa naye na kumfundisha utu uzima. Hiyo ndiyo mila, na mila yenyewe haina ubaya.

Mutiri aliyechaguliwa na Gatimu alikuwa Moffat, mtoto wa dada yake, kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye mikono mirefu na ulimi mtamu. Othaya walimfahamu kwa ngumi. Gatimu alimfahamu kwa adabu, kwa kuwa Moffat alikuwa akimshikia mfuko kila walipokutana. Kikulacho ki nguoni mwako.

Thingira ilipopigwa bati, Gatimu alibeba runinga ya sebuleni, akabeba na ile mashine nyeusi, akavipeleka huko nyuma ya zizi.

"Baba, ulisema ni yetu sisi wote!" Shiku akalia.

"Kwani mgonjwa ni nani, wewe ama yeye? Akipona nitairudisha."

Watiri akamfuata mpaka uani. "Baba Kinyua, huko mimi siwezi ingia, na Shiku hawezi. Wewe ndio unaweza. Si ukae na yeye basi, umwongeleshe?"

"Ati nimwongeleshe nini? Vijana wa siku hizi hawataki hadithi za wazee. Hiyo gemu itamchangamsha. Na Moffat yuko."

Akavaa koti, akateremka Othaya, ambako wanaume wenzake walimchomea nyama kwa kuwa sasa alikuwa na kijana mwanaume nyumbani. Kesho yake alichomewa tena. Siku zikaenda, na Gatimu hakuwahi kuinama aingie kwenye mlango ule hata mara moja.

Kelele zilianza mapema. Mabomu, risasi, mifupa ikivunjika, watu wakilia na kuomba. Moffat alikuwa ameleta marafiki wawili, na spika kubwa. Watiri akiwa jikoni alishtuka mara ya kwanza akamwaga maziwa.

"Moffat! Ni nini hiyo?" akaita akiwa uani.

"Ni gemu, Tata!" Moffat akamjibu shangazi yake kutoka ndani, na wenzake wakaangua kicheko. "Usijali! Kinyua ametushinda sisi wote!"

Watiri akatabasamu. Kila jioni aliuliza mtoto anaendeleaje, na kila jioni Moffat alipokea bakuli akasema mwanaume halalamiki. Bakuli zilirudi tupu. Mama gani hafurahii bakuli tupu? Siku moja alimwona Kinyua kwa mbali akienda chooni, ameinama, ameshika ubavu. Akajiambia ni kidonda cha tohara, na kwamba vidonda vya Desemba huchelewa kwa sababu ya baridi.

Lakini kulikuwa na sauti moja katika zile kelele. Ilikuwa nyembamba kuliko nyingine. Watiri aliisikia akiwa anakamua, akaisikia akiwa anachuma chai, na kila mara mwili wake uligeuka kabla ya akili yake. Kisha alikumbuka kwamba ni gemu. Alikumbuka pia kwamba mama akikanyaga thingira, mwanawe huchekwa na rika lake mpaka azeeke. Akarudi kazini. Tusimhukumu haraka. Ni wangapi kati yetu tungefanya tofauti?

Siku ambayo mambo yaliharibika, ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Watiri alikuwa zizini akikata majani ya ng'ombe kwa mashine ya umeme, panga la kukatia napia likiwa chini kando yake. Mashine ilikuwa inanguruma, na kule thingira mabomu yalikuwa yanalipuka kama kawaida. Ghafla mashine ya majani ikasita, ikazima. Stima, yaani umeme, ilikuwa imepotea. Mabomu yakakatika pale pale, risasi zikakatika, na radio ya jikoni ikanyamaza.

Mtu mmoja akaendelea kulia.

Watiri alisimama na majani mkononi. Sauti ile nyembamba ilikuwa peke yake sasa, haina muziki nyuma yake, na ilikuwa inasema, "Mami! Mami, woi!" Akaokota panga akakimbia.

Alikuwa hatua chache kutoka mlangoni Gatimu alipotokea kwenye njia ya kutoka barabarani. Alimwona mkewe, akaona panga, akaona anakoelekea, na kitu pekee kilichomjia kichwani kilikuwa aibu. Akamrukia, akamshika shingo.

"Una wazimu? Unataka kuaibisha mtoto?"

"Stima imepotea! Sikiza! Stima imepotea!"

Akampiga kofi, halafu ngumi ya mdomo. Watiri akaonja damu, akahisi jino likilegea. Gatimu alimsukuma ukutani, kichwa kikagonga mbao, akampiga tena. Mle ndani mtoto alikuwa akilia, na nje baba yake alikuwa akimpiga mtu pekee aliyekuja kumsaidia. Niambieni kama mmewahi kusikia ujinga mkubwa kuliko huo.

Kisha kilio kikakoma.

Watiri aligeuza panga, akamtwanga mumewe kwa mgongo wake kwenye kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Gatimu akamwachilia akipiga yowe, naye Watiri akautandika mlango teke, komeo likang'oka.

Ndani kulikuwa na giza na harufu ya pombe. Kinyua alikuwa amelala kwa ubavu sakafuni, mikono imefungwa nyuma kwa waya. Shati lilikuwa limechanika na mgongo wake ulikuwa mistari mitupu, mingine mibichi, mingine imekauka tangu zamani. Uso ulikuwa umevimba mpaka jicho la kushoto halionekani. Rafiki mmoja wa Moffat alishika kipande cha waya wa umeme, wa pili alimulika kwa simu. Moffat mwenyewe alikuwa amemkanyaga Kinyua ubavuni kwa gambuti, mguu mmoja juu, anahesabu kwa sauti nzito, vile mashine ile huhesabu kabla ya kummaliza aliyeshindwa.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakicheza tangu mwanzo. Aliyeshindwa alipigwa, na wakipangana watatu dhidi yake, mshindwa alikuwa mmoja tu.

"Amekataa kucheza, Tata," Moffat akasema, kana kwamba hiyo ni sababu.

Panga la Watiri lilishuka, na safari hii kwa makali. Lilimpata Moffat kwenye mkono aliouinua kujikinga, likaingia mpaka kwenye mfupa. Damu ikaruka kwenye ukuta wa mbao. Moffat alinguruma, akampiga Watiri teke la kifua, naye Watiri akaangukia runinga, na kioo kikapasuka chini yake. Mwenye waya akaanza kumchapa usoni na mabegani, naye akawa anajiburuta kuelekea kwa mwanawe, akamlalia juu, akapokea mgongoni.

Ndipo Gatimu alipoinama, akaingia kwenye thingira kwa mara ya kwanza.

Aliona mgongo wa mtoto wake. Alisimama kidogo tu, kisha akashika gogo la kuni kwa mkono uliobaki mzima. Aliyekuwa na waya alivunjwa taya. Aliyekuwa na simu alitoka kupitia dirisha na kuacha viatu. Moffat aliangushwa, na Gatimu akampiga, akampiga, mabegani, mbavuni, huku akilia kwa sauti ya ng'ombe. Angemwua, na leo tungekuwa tunasimulia habari za jela.

"Wacha huyo!" Watiri akapiga kelele. "Beba mtoto! Baba Kinyua, beba mtoto!"

Gatimu akatupa gogo. Walimbeba Kinyua pamoja mpaka barabarani, mume na mkono wake mmoja, mke na mdomo wake uliopasuka. Shiku alikimbia mbele akisimamisha magari, na jirani aliyekuwa na pikapu ya maziwa akashusha mikebe akawapeleka hospitali. Madaktari walitoa wengu uliokuwa umepasuka. Jicho la kushoto halikuokoka. Moffat na wenzake walikamatwa wakiwa wamejificha Mukurweini, na kesi yao inaendelea.

Kinyua alipoweza kuongea, Watiri alikuwa ameketi kando ya kitanda, na Gatimu amesimama miguuni, mkono umefungwa plasta.

"Mwanangu," Watiri akasema, "mbona hukuniita?"

"Nilikuita, Mami. Kila siku nilikuita."

Watiri akafunika uso kwa leso. Gatimu akajikohoza, akashika chuma cha kitanda.

"Na mimi je? Mimi kwa nini hukuniita, kijana yangu?"

Kinyua alimtazama kwa jicho lililobaki. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomwumiza Gatimu zaidi.

"Wewe ndio ulituletea gemu, Baba, na wewe ndio uliniletea Moffat," akasema taratibu. "Nilidhani unajua."

FUNZO

Mtasema mashine ndiyo mbaya. Mashine haina mikono. Mtasema mila ndiyo mbaya, lakini mila ilisema wanaume waingie wakae na kijana, na Gatimu alichukua nusu iliyomfaa, ile ya kumzuia mama, akaiacha nusu iliyomtaka yeye afanye kazi. Kumwachia mtoto runinga na mtu mwenye ngumi si malezi, ni kumtupa mahali penye paa.

Ukienda dukani kununua mashine ya gemu ya nyumba yako, nenda na wenye nyumba, na uwasikilize. Chagua ile ambayo mdogo kuliko wote anaweza kuicheza mbele yako, uijue ina nini ndani, kisha uiweke mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaruhusiwa kupita. Kitu cha familia kikifungiwa mahali ambapo nusu ya familia haiwezi kuingia, hicho si cha familia tena.

Na wewe baba unayechomewa nyama mjini kwa sababu mwanao ametahiriwa, huyo mtoto bado anakungoja. Kama kuna kelele nyuma ya nyumba yako leo, usiulize kutoka uani na usitume mtu. Inuka uende ukaangalie mwenyewe.