Joho la Kukodi na Udongo Mwekundu

Majina yakaisha kusomwa... la mume wangu halikutoka!

Ukumbi mzima unapiga makofi. Wahitimu wamekaa mbele, wanarusha kofia. Yeye kakaa na mimi kwenye viti vya wageni, ati anataka kuwa karibu na mke wake. Ndani ya joho! Jasho linamtiririka.

"Labda wamenisahau," akaninong'oneza.

"Wamemsahau mtu aliyesoma miaka miwili?"

Wapendwa, ngoja niwaeleze huyu bwana ni nani.

Anajiita Msomi. Jina kajipa mwenyewe. Shahada ya kwanza aliipatia chuo hicho hicho cha mahafali, na tangu anioe sijapumua: chuo chetu hiki, chuo chetu kile. Miaka miwili iliyopita akatangaza anarudi huko kusoma shahada ya pili. Katikati ya wiki yuko nyumbani usiku mmoja mmoja, ati kazi zinamsafirisha. Wikiendi yote haonekani, yuko "chuoni".

Mimi nabaki na watoto na mama mkwe. Jumatatu nakung'uta mazulia ya gari, yamejaa udongo mwekundu.

Udongo wenyewe una chembe za ulanga, yale madini yanayong'aa kama vioo, unametameta. Mambo hayo nayajua. Nimesomea miamba, na kazi yangu ni kupima ardhi kabla watu hawajachimba visima. Kwa Msomi mimi ni "Mama Udongo", na akinitania hivyo mbele ya wageni anacheka hadi anakohoa.

"Naona chuo chenu kina udongo mwekundu," nilimwambia siku moja.

"Kila mahali! Wewe ungefika pale ungelia kwa furaha."

Siku ya mahafali alitaka tupige picha nje ya geti tu, turudi. Nikagoma. Nimesuka, nimeshona gauni, halafu nikapige picha na geti?

Basi tukatoka ukumbini. Kisigino changu kikazama kwenye ufa wa ardhi. Nikainama kukichomoa...

Udongo mweusi!

Mweusi tititi, umepasukapasuka kwa jua. Nikatazama kuta za madarasa: mawe meusi ya volkano, yale yenye vitundu. Nikazunguka maktaba. Nikazunguka uwanja wa mpira. Joho linanifuata nyuma.

"Unatafuta nini?"

"Udongo mwekundu."

Akapangusa jasho kwa mkono wa joho.

"Upo... ule upande wa kilima."

Kilima chenyewe kimesimama pale mbele yetu, cheusi kama sufuria ya kuni!

Nilimtazama baba wa wanangu watatu, nikasikia heshima inanitoka mwilini. Angalau angenidanganya kwa akili! Mtu mzima unamdanganya mtu wa miamba habari za udongo?

Maana udongo wa ulanga, huku kwetu, niliwahi kuuchimba sehemu moja tu. Kiwanja alichoniachia marehemu baba. Sina kingine duniani, na ndipo nilipopanga kuwajengea wanangu. Msomi ndiye aliyeniambia nisihangaike kwenda, mvua imekata njia, yeye kaweka mlinzi.

"Nipe ufunguo wa gari."

"Mke wangu, tuongee kwanza..."

"Ufunguo!"

Njia nzima anaongea. Akaanza na shetani, akaja kwa marafiki wabaya, mwisho akasema alikuwa ananiandalia zawadi ya kunishtua. Nikaongeza sauti ya redio.

Nikakata kona ya kiwanjani... nyumba!

Nyumba kamili, bati la bluu, mapazia madirishani. Mlango ukafunguka, akatoka dada mmoja, tumbo mbele, tabasamu hadi magego.

"Karibu wifi! Leo ndiyo amekuleta!"

Wifi!! Kwenye ardhi ya baba yangu, nimekuwa dada wa mume wangu!

"Kakwambia mimi ni dada yake?"

"Ndiyo. Wewe si ndiye uliyetupatia kiwanja? Kila siku namwomba anipeleke kwako nikushukuru, anasema una shughuli nyingi."

Alikuwa anasema kwa moyo mweupe. Hasira yangu ikakosa pa kumshika.

"Na siku ambazo hayuko hapa, anakwambia yuko wapi?"

Akamtazama Msomi. Akalitazama joho.

"Chuoni," akasema taratibu. "Anasoma shahada ya pili."

Jamani nilicheka! Wikiendi ananiambia mimi yuko chuoni, katikati ya wiki anamwambia yeye yuko chuoni. Huyu bwana alikuwa darasani siku saba kwa wiki, na bado jina lake halipo!

"Mdogo wangu," nikamwambia, "mimi ni mke wake. Wa ndoa."

Nikamketisha, nikamletea maji kutoka jikoni kwake. Alilia sana, nami sikumharakisha. Alipomaliza akaingia ndani, akarudi na begi la nguo za Msomi, akalitupa miguuni pake.

"Nyumba ni yangu!" Msomi akabweka. "Nimejenga kwa jasho langu!"

"Kwenye ardhi ya nani?"

Akainama kuokota begi lake.

Baadaye wakili wangu alimweleza hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi: nyumba inafuata ardhi. Yule dada nilimwambia akae hadi ajifungue. Alipopata nguvu akaenda kwa mama yake, na mtoto wake bado tunamtumia nguo. Sasa naishi pale mimi na wanangu. Na mama mkwe! Msomi alipomfuata, mama akamjibu mlangoni, "Mimi nipo kwa mkwe wangu. Wewe umekuja kumtembelea nani?"

Dada zangu, shikeni hili. Mtu anayekudharau hajifichi vizuri, kwa sababu anaamini huna macho. Usipoteze nguvu kubishana naye. Mwache aamini hivyo, wewe endelea kutazama.