Udongo Laini wa Pamba

Kila Jumamosi, akimaliza kuosha vyombo, Kiherehere alikimbilia karakana ya shangazi yake mfinyanzi na kukaa kwenye gurudumu la kufinyangia la dirishani. Aliyempa jina hilo hakukosea.

Jumamosi hiyo alimkuta Pamba, mtoto wa baba yake mdogo, kwenye gurudumu la pili. Pamba alikuwa amehamia kwao juzijuzi tu, na tayari shangazi alimwita "kipenzi". Hilo Kiherehere alilimeza. Lakini udongo ulipogawiwa, roho ilimuuma. Donge la Pamba lilikuwa laini kama siagi. Lake lilikuwa na chenga, linakwaruza kama ulimi wa paka.

"Shangazi, mbona mimi hili?"

"Wewe unafinyanga mtungi mrefu wa maktaba ya shule yenu. Mwenzako anajifunza bakuli."

"Ndiyo nipewe mchanga?"

"Mdomo huo ungekuwa mikono, tungeshajaza tanuri!"

Shangazi akatoka kukagua tanuri, Pamba akaenda kuchota maji. Kiherehere akabadilisha madonge chapuchapu, akakaa na uso wa malaika.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Mtungi ulipanda, ukapanda. Ulipofika usawa wa kiwiko, tumbo likalegea, ukayumba, ukaketi chini pwaa!

Pembeni, Pamba, aliyerudi na maji na kufinyanga lile donge la chenga, alijaribu kuficha viganja. Vilikuwa vyekundu, kimoja kinavuja damu.

Shangazi akarudi, akausugua udongo ulioanguka kwa vidole. "Uzee huu! Nimewachanganyia madonge. Pole, Pamba."

Kiherehere angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini kile kiganja kilimtazama.

"Hukuchanganya, shangazi. Nimebadilisha mimi. Nilidhani unampenda yeye zaidi."

Shangazi akavuta kigoda. "Chenga ndiyo mifupa ya mtungi mrefu. Bila hizo hausimami. Nilikupa wewe kwa kuwa mikono yako imekomaa, ya mwenzako bado. Ulikodolea macho cha Pamba, hukuona nilivyokuamini. Siku nyingine roho ikikuuma, niulize. Usimwumize mtu."

Kiherehere akamwosha Pamba kiganja, akakifunga kitambaa. "Nisamehe, ndugu yangu."

Kisha akarudia na udongo wa chenga. Ulimkwaruza kweli, lakini mtungi ulipanda ukapita kiwiko, ukasimama wima.

Pamba aliutazama kwa jicho la kutamani. "Shangazi, mbona yeye tu ndiye anapewa chenga?"

"Wewe!" Kiherehere akacheka. "Usianze!"