Joëlla na Spika Iliyochanika

Kila Jumatano Joëlla alirudi kutoka shuleni, akala maharagwe yake haraka haraka, akaosha vyombo, kisha akakimbilia ukumbi wa kanisa. Nyumba yao ilikuwa Ngagara, mtaa wa Kartie ya Sita, na ukumbi haukuwa mbali. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyepiga gitaa la besi katika kwaya ya watoto.

Jambo moja lilimsumbua. Sauti ya gitaa lake ilivuma kama lori linalopita nje. Hakuna aliyeweza kutofautisha noti moja na nyingine. Jumapili iliyotangulia, Kelly, mmoja wa waimbaji, alimwuliza mbele ya wenzake, "Joëlla, we unapiga kweli? Mbona tunasikia ngurumo tu?" Watoto walicheka. Joëlla naye alicheka, lakini maneno yale yalimwuma.

Jumatano hiyo alifika kabla ya wote. Mwalimu wa kwaya, Geneviève, alimfungulia ukumbi, kisha akaenda kutoa fotokopi za nyimbo. Joëlla alichomeka waya wa gitaa kwenye amplifaya.

"Leo watanisikia," alijisemea.

Akazungusha vitufe vyote hadi mwisho, akapiga uzi mnene kuliko nyuzi zote kwa nguvu. Spika ilinguruma, kisha ikaanza kukwaruza. Joëlla akapunguza sauti upesi, akapiga tena polepole. Ilikwaruza vilevile. Akazima amplifaya, akachomoa waya, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma kana kwamba hajagusa kitu.

Mazoezi yalipoanza, Joëlla alichomeka tena gitaa, na kila mtu alisikia ule mkwaruzo.

"Nani ameharibu amplifaya?" Geneviève aliuliza. "Zimebaki siku nne tu kufika Jumapili ya Pentekoste!"

Joëlla alitazama sakafu.

"Mara ya mwisho Patrick ndiye aliyeibeba," Kelly alisema. "Nilimwona akiigonga mlangoni."

Patrick, mpiga ngoma wa kwaya, alishtuka. "Niligonga kidogo tu, Maman Geneviève!"

"Mara ngapi nimekwambia uwe mwangalifu? Hutagusa chombo chochote mpaka nizungumze na baba yako. Pentekoste utakaa na waimbaji."

Siku hiyo waliimba bila ngoma na bila besi. Mazoezi yalipokwisha, Joëlla alimkuta Patrick ameketi kwenye ngazi za nje, vijiti vyake vya ngoma mapajani.

"Pole, Patrick," alisema kwa sauti ndogo.

"Labda ni mimi kweli," Patrick alijibu bila kuinua uso. "Nimefikiri sana. Labda niliigonga kwa nguvu kuliko nilivyodhani. Papa akisikia, hataniruhusu kurudi."

Joëlla aliaga akaondoka. Alitembea hadi kwenye kona ya barabara, akasimama. Patrick hakuwa amekosa lolote, na sasa alianza kuamini kwamba amekosa. Joëlla aligeuka, akarudi mbio ukumbini.

Geneviève alikuwa anafunga madirisha.

"Maman Geneviève, siyo Patrick. Ni mimi." Machozi yalimtoka kabla hajamaliza. Alieleza yote: vitufe, mkwaruzo, na jinsi alivyojificha kwenye benchi la nyuma.

"Kwa nini hukusema palepale?"

"Niliogopa mtaninyang'anya gitaa. Nilitaka tu wanisikie."

Geneviève alimwita Patrick ndani. Joëlla alirudia maneno yale mbele yake, akamwomba msamaha. Patrick alikunja uso.

"Uliniacha nigombezwe," alisema.

"Ndiyo. Nimekosa."

"Na mimi nimekosa," Geneviève aliongeza. "Nilikuhukumu kabla ya kuchunguza, Patrick. Nisamehe. Ngoma ni zako Pentekoste."

Kesho yake mchana, wote watatu walipeleka amplifaya mtaa wa Buyenzi, kwa Tajudini, fundi wa spika. Alifungua kifuniko, akawaonyesha jinsi karatasi ya ndani ya spika, ile inayotetemeka na kutoa sauti, ilivyochanika. Aliibandika kwa gundi na kipande cha karatasi nyembamba, akawaambia warudi Jumamosi na gitaa.

Waliporudi, Tajudini aliiweka amplifaya juu ya stuli, mbali na ukuta.

"Ikikaa chini kwenye pembe ya chumba, besi inavuma," alisema. "Sasa weka vitufe vyote katikati. Hiki cha kwanza kinapokea nguvu ya gitaa. Kirudishe chini mpaka hii taa nyekundu isiwake hata ukipiga kwa nguvu."

Joëlla alifanya hivyo.

"Punguza kidogo sauti nzito. Ongeza zile za kati."

"Nipunguze sauti nzito, Papa Tajudini? Si ni gitaa la besi?"

"Wewe jaribu, mwanangu. Sauti za kati ndizo zinazofanya noti isikike. Piga kwa nyama ya kidole, siyo ukucha, na uzi usioutumia uushike usilie. Ukubwa wa sauti tunaongeza mwisho."

Joëlla alipiga noti moja. Ilitoka nene na safi, yenye joto, ikakoma pale alipoinua kidole. Alipiga nyingine, na nyingine. Patrick, aliyekuwa bado hajamzungumzisha sana, alianza kugonga mdundo kwenye meza ya fundi. Wakapiga wimbo mzima hivyo, na majirani wakaja kuchungulia mlangoni.

Jumapili ya Pentekoste, waimbaji walimsikia Joëlla katika kila mstari, na hakuna sauti iliyofunikwa. Baada ya ibada Kelly alimshika mkono. "Leo wimbo ulikuwa na miguu ya kusimamia," alisema. Kisha akaenda kumwomba Patrick radhi kwa kumsingizia.

Geneviève aliwakusanya watoto.

"Vyombo vitaharibika tu, kwa sababu tunavitumia," aliwaambia. "Mtu akikosea, aje aniambie siku hiyohiyo. Sitamnyang'anya chombo mtoto anayesema kweli. Joëlla aliogopa, na bado alirudi kusema. Ukinyamaza, mwenzako anaumia kwa kosa lisilo lake, na kila siku inayopita kusema kunazidi kuwa kugumu. Basi semeni mapema, hata kama sauti inatetemeka."

"Ndiyo, Maman Geneviève," walijibu, na Joëlla alijibu kwa sauti kubwa kuliko wote.